Kuanza kurusha vishale (darts) ukiwa Mwanza: kutoka kutundika ubao hadi kumaliza mchezo wa 501

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza ni yaleyale, awe anayeuliza ni bodaboda wa Buzuruga au mwalimu wa Nyegezi. Kaka, ubao unakaa urefu gani? Nisimame wapi? Mbona kishale hakishiki? Mbona narusha kila jioni na mkono haubadiliki? Nayajibu hapa yote kwa mpangilio ambao ningemfundishia mdogo wangu.

Nina msimamo mmoja, nawe utauona katika kila hatua: anayeanza aache kuwinda pointi. Atafute kwanza kurusha kwa namna ileile, kishale cha kwanza, cha pili na cha tatu. Wengi niliowaona wakiacha mchezo huu mapema walijipima kwa pointi tangu siku ya kwanza, na pointi za mwanzoni zinakatisha tamaa. Anayejipima kwa jinsi vishale vyake vinavyokaribiana huona tofauti mapema, na hapo ndipo mapenzi ya mchezo yanapoingia.

Neno kwa wazazi pia. Hapa kwetu ubao wa vishale tumezoea kuuona baa, kwa hiyo kijana akiomba anunuliwe, mama anaona pombe. Mchezo huu ni shabaha na hesabu za kutoa, na uani kwa mama unachezeka vizuri kabisa. Desemba 2025 Mkenya David Munyua, daktari wa mifugo, alipanda jukwaa la mashindano ya dunia kule London, akawa nyuma seti 2 kwa 0 dhidi ya Mbelgiji Mike De Decker, kisha akashinda 3 kwa 2. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, Mwingereza Luke Littler alikuwa amechukua ubingwa wa dunia akiwa na miaka 17.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

Ubao wa katani. Usinunue ubao wa karatasi wala wa sumaku ukitegemea kujifunza kwa huo, na usichonge wa mbao, kwa sababu mbao hufanya ncha ziwe butu na kurudisha vishale miguuni. Ubao wa kweli umetengenezwa kwa nyuzi za mkonge zilizobanwa pamoja. Ncha inapoingia nyuzi husogea, ukichomoa hurudi na tundu hujifunga. Ni mkonge huuhuu ulioletwa pwani yetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambao leo Usukumani unauona umepandwa mipakani mwa mashamba. Mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba mchezo unaoshangiliwa Ulaya umesimama juu ya nyuzi za mmea tulio nao mlangoni. Ubao wa kawaida una kipenyo cha sentimita 45 na kidogo.

Vishale vitatu vyako mwenyewe. Vya kuazima vinakuchelewesha, maana leo unashika chepesi na kesho kizito. Kwa anayeanza, uzito wa gramu 22 hadi 24 unafaa. Vya shaba ni rahisi kwa bei lakini vinene. Vya tangsteni ni vyembamba kwa uzito uleule, kwa hiyo vitatu hupata nafasi ya kukaa pamoja kwenye eneo dogo. Anza na vya shaba kama mfuko hauruhusu. Hakikisha tu vyote vitatu vinalingana, na ununue mabawa ya akiba, kwa sababu ndiyo yanayochakaa haraka.

Kinga ya ukuta. Tairi kuukuu la rimu 18 linauzunguka ubao vizuri, na mafundi matairi hawalitaki tena. Lioshe kwanza. Kipande cha plaiwudi nyuma yake kitaokoa plasta ya mwenye nyumba.

Zulia kuukuu au mpira wa kutandika chini, ili kishale kinachoanguka kisivunjike ncha wala kutoboa sakafu. Ukipita Mlango Mmoja kwenye mitumba hutakosa kitu cha kufaa.

Halafu futi ya kupimia, uzi wenye nati ya kuwa timazi, chaki, daftari, taa, na viatu vinavyofunika vidole. Kandambili hapana. Kishale kikigonga waya unaotenganisha sehemu za ubao kinaruka upande usioutegemea, na mara nyingi ni chini.

Hatua za kufuata

1. Chagua ukuta. Usiwe karibu na mlango unaofunguka, njia ya kwenda jikoni, wala mahali watoto na kuku wanapopita. Uwe na nafasi ya mita tatu na nusu kwenda nyuma, na upana wa kutosha mtu asiguse kitu kwa kiwiko. Kwa walio karibu na maji, kama Kirumba, Igombe au Luchelele, angalia na upepo: mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na hutikisa mabawa ya kishale kikiwa hewani. Tundika ndani, au kwenye baraza lililokingwa upande wa ziwa. Pia pasiwe mahali pa kupigwa na mvua, maana katani ikinyonya maji huvimba na ubao hupinda.

2. Pima, na upime kweli. Hapa ndipo mbao nyingi za mtaani zimekosewa, na anayejifunzia kwenye ubao uliokosewa hujifunza upya akienda kwingine. Namba ni mbili. Kutoka usawa wa sakafu hadi katikati ya jicho la ubao, kile kiduara cha katikati kabisa, ni sentimita 173. Kutoka uso wa ubao hadi mstari wa kurushia ni sentimita 237.

Angalia vizuri hiyo ya pili: ni kutoka uso wa ubao, si kutoka ukutani. Ubao una unene wa karibu sentimita 4, na ukiwa na plaiwudi nyuma unasogea mbele zaidi. Kwa hiyo ning'iniza timazi kwenye uso wa ubao hadi sakafuni, weka alama, ndipo upime kutoka kwenye alama hiyo. Chora mstari kwa chaki, baadaye uubadilishe uwe wa rangi au kipande cha mbao kilichopigiliwa. Kuhakiki, vuta futi kwa mshazari kutoka katikati ya jicho hadi mstarini: ikisoma kama sentimita 293, umepatia.

Walio kwenye nyumba za milimani, Mabatini na Bugando, sakafu ya uani haiko sawa. Sentimita 173 zihesabiwe kutoka usawa wa pale unaposimama wewe. Mwombe fundi ujenzi mpira wake wa maji akuhamishie usawa kutoka mstarini hadi ukutani. Ni kazi ya dakika chache.

Ubao ukae 20 ikiwa juu kabisa, kwenye kipande cheusi. Taa iwe mbele na juu ya ubao, isikupige machoni, isiache kivuli cha kishale kimoja kufunika mahali pa kingine.

3. Usome ubao. Kuanzia juu kuelekea kulia: 20, 1, 18, 4, 13, 6, 10, 15, 2, 17, 3, 19, 7, 16, 8, 11, 14, 9, 12, 5. Eneo kubwa la kipande hesabu yake ni namba yenyewe. Ukanda mwembamba wa nje ni dabo, mara mbili. Ukanda mwembamba wa katikati ni trebo, mara tatu. Kanda hizo zina upana wa milimita 8 tu. Jicho la ndani ni 50, duara linalolizunguka ni 25. Nje ya ukanda wa dabo ni sifuri, hata kama kishale kimeshika. Zamu moja ni vishale vitatu, na pointi nyingi kabisa kwa zamu ni 180, yaani trebo ya 20 mara tatu.

4. Simama. Anayetumia mkono wa kulia atangulize mguu wa kulia mstarini, wa mkono wa kushoto atangulize wa kushoto. Uzito mwingi uwe mguu wa mbele, wa nyuma ukusaidie usiyumbe. Geuza mwili ubavu kidogo mpaka bega la mkono unaorusha lielekee ubao. Kosa la karibu kila mgeni ni kuinama na kunyoosha shingo ili kuusogelea ubao. Sentimita mbili unazopata hazilingani na mtikisiko unaouleta. Ukishapata mahali pa vidole vya mguu, weka alama ya chaki, na usimame hapohapo kila siku.

5. Shika. Laza kishale juu ya kidole kimoja mpaka kitulie bila kuinama upande wowote. Hapo ndipo kilipo katikati ya uzito wake, na vidole vyako vikae hapo au nyuma kidogo. Dole gumba chini au ubavuni, cha shahada juu, cha kati kusaidia, na ukihitaji cha nne karibu na ncha. Usikunje ngumi. Usibane mpaka kucha zikabadilika rangi. Shika unavyomshika kifaranga: asitoroke, asiumie. Ncha iangalie juu kidogo.

6. Rusha. Inua mkono mpaka kishale kiwe karibu na usawa wa jicho lako, kiwiko kikiwa mbele na kimeinuka. Angalia sehemu ndogo unayoitaka, siyo ubao mzima. Vuta nyuma taratibu kwa kukunja kiwiko tu, kisha peleka mbele bila kukata, achia, na uuache mkono uendelee mpaka umenyooka kuelekea pale ulipolenga. Bega, kiuno na magoti vitulie.

Huo mkono kumalizia safari yake ndio watu wanaousahau. Anayeukatisha baada ya kuachia huwa ameanza kuukatisha kabla ya kuachia, na kishale huenda chini. Rusha, halafu ubaki umenyoosha mkono mpaka usikie kishale kimegonga. Ukiweza hivyo mara nyingi mfululizo, umeshapita kona ngumu kuliko zote.

Nguvu haitakiwi. Umbali ni chini ya mita mbili na nusu, na kishale kina gramu zake ishirini na kitu. Vijana wenye vifua vya mazoezi hutupa kana kwamba wanaua nyoka, kisha wanashangaa binti wa miaka kumi na mbili anawapita.

7. Wiki za kwanza, tafuta kundi. Usiandike pointi kabisa. Rusha vitatu kuelekea upande mmoja mkubwa wa ubao, halafu tazama umbali kati ya kishale na kishale. Vikikaa pamoja mahali ambapo hukulenga, zamu hiyo ni nzuri kuliko kimoja ndani ya jicho na viwili ukutani. Kundi lililokaa pembeni linasogezwa kwa kurekebisha kidogo. Vishale vilivyotawanyika havina cha kurekebisha.

Na ulenge wapi? Kila mtu hukimbilia 20, kwa kuwa wataalamu kwenye runinga wanapiga huko. Wao hawakosi kwa upana wa mkono. Tazama majirani wa 20: ni 1 na 5. Ukiilenga 20 vishale vikaenda kimoja kati na kimoja kila upande, una 26. Fanya hivyohivyo kwa 14, ambayo majirani wake ni 9 na 11: una 34. Kwa 16, jirani zake 7 na 8, una 31. Ubao umepangwa kumwadhibu anayekosa juu, na upande wa kushoto ndio wenye huruma. Ukiwa mchanga, kaa huko.

Nusu saa kwa siku inatosha, tena iliyogawanywa asubuhi na jioni ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Mkono ukichoka unaanza kujifunza makosa.

8. Zunguka ubao. Kundi likianza kuonekana, piga 1, kisha 2, kisha 3, mpaka 20, na umalizie kwa jicho. Huhami mpaka umeipata namba uliyopo. Zoezi hili linakufundisha kugeuza shabaha bila kubadilisha mwili, na linakuonyesha upande unaokushinda. Andika daftarini ulitumia zamu ngapi. Baada ya mwezi, linganisha.

9. Usisubiri kujua dabo. Anayejua kukusanya pointi bila kujua dabo hawezi kumaliza mchezo, maana katika 501 unatoa pointi mpaka sifuri na kishale cha mwisho lazima kiwe dabo. Tenga sehemu ya kila mazoezi kwa dabo tu. Anza na dabo ya 16, nami nasisitiza namba hiyo kwa sababu yake: ukiwa umebakiwa na 32 unalenga dabo ya 16; kishale kikiingia ndani kwenye 16 ya kawaida, imebaki 16, yaani dabo ya 8. Ukakosa tena ndani, imebaki 8, dabo ya 4. Kisha dabo ya 2, kisha dabo ya 1. Kila ukikosa kwa ndani bado una dabo mbele yako. Kwa 38, ambayo ni dabo ya 19, ukikosa mara moja umebakiwa na 19, na lazima upoteze kishale kuitafuta namba shufwa.

10. Cheza 501. Kila mmoja huanza na 501, anatoa anachopata, na lazima afike sifuri kamili kwa kishale kinachoingia kwenye dabo au jicho la ndani, ambalo huhesabiwa kuwa dabo ya 25. Ukipitiliza, ukibakiwa na 1, au ukifika sifuri bila dabo, umeungua: zamu yote inafutwa, unarudi ulipokuwa kabla ya kurusha. Mfano: umebakiwa na 32, ukapiga 16 ya kawaida, ukalenga dabo ya 8 lakini kishale kikaangukia kwa jirani, 16 tena. Hesabu imefika sifuri, dabo haipo. Umeungua, unarudi 32.

Piga hesabu mwenyewe kichwani, simu ikae mfukoni. Ukiwa na 41, piga 9 ubaki na 32. Ukiwa na 60, piga 20 ubaki na dabo ya 20. Namba kubwa inayoweza kumalizwa kwa zamu moja ni 170: trebo ya 20, trebo ya 20, jicho. Mtoto anayecheza 501 nyumbani anakuwa mwepesi wa kutoa kuliko wenzake darasani, nami nimeliona hili kwa watoto wa jirani zangu.

11. Tafuta watu. Peke yako unajenga mkono, lakini kuupenda mchezo kunatokana na kucheza na wengine. Ukiwa na wenzako watatu au wanne wa viwango tofauti, chezeni mchezo unaoitwa kuuana. Kila mmoja anarusha kishale kimoja kwa mkono asioutumia ili kupata namba yake, na ana maisha matatu. Ukiipata dabo ya namba yako unaruhusiwa kushambulia dabo za wengine. Dabo yako ikipigwa unapoteza moja ya maisha hayo matatu, na anayebaki wa mwisho ameshinda. Asiyejua anaweza kumtoa fundi, na kelele zake hufanya majirani wote waje kuuliza kuna nini.

Ukienda kwenye ubao wa wakubwa, salimia kwanza, shikamoo kwa waliokuzidi, omba kuandika pointi. Mwandishi wa pointi anaona mchezo kwa karibu kuliko wote, na baada ya michezo michache mzee mmoja atakuuliza, "Na wewe kijana, unarusha?" Ukisubiri zamu yako, simama nyuma ya anayerusha na unyamaze. Usichomoe vishale kabla pointi hazijaandikwa. Ukitaka kufika kwenye mashindano, nchini kipo chama cha mchezo huu, TADA, na wachezaji wa klabu zilizo karibu nawe ndio watakaokuonyesha njia ya kuingia.

Mambo yakigoma

Vishale vinaenda chini kila mara. Kiwiko kinashuka kabla ya kuachia, au unaachia umechelewa. Mwombe mtu asimame ubavuni aangalie kiwiko tu.

Vinaenda juu. Unaachia mapema, mara nyingi kwa sababu unaruka na vidole vya mguu. Kandamiza mguu wa mbele.

Vinaenda upande mmoja, pamoja. Mkono uko sawa, umesimama vibaya. Sogea nusu hatua mstarini. Vikienda pande zote, angalia vidole: kimoja kinagusa kishale wakati wa kuachia.

Vinayumba hewani. Kaza vijiti vya nyuma, hulegea kila baada ya zamu chache. Kisha badili mabawa. Bawa lililokunjika halinyooki tena hata ulilalie.

Vinagonga na kuanguka. Kama ni wayani, ni bahati. Kama ni kwenye katani, ncha ni butu, au ina kijino kilichopinda kinachochana nyuzi. Isugue kwa msasa ikiwa inazunguka kidoleni. Usiichonge ikawa kama sindano, maana ncha kali mno hujipinda kwenye waya na kukata katani.

Kipande cha 20 kimechakaa. Ile duara ya namba inatoka. Iondoe, zungusha ubao vipande viwili ili 20 ikae tena kwenye cheusi, rudisha namba. Fanya hivyo mara kwa mara, usisubiri mashimo. Na mtu akikushauri umwagie ubao maji, mkatalie: ushauri huo ulikuwa wa mbao za mti za zamani.

Jasho. Joto la Mwanza linateleza vidole. Kitambaa kikavu mfukoni, na vumbi kidogo la chaki. Feni izime au uigeuze isivume kati yako na ubao.

Umeme umekatika. Taa ya sola juu ya ubao inatosha, lakini tochi ya simu iliyoshikwa na mtu haitoshi, kwa sababu kivuli kinacheza na jicho linajifunza uongo. Acha mpaka kesho.

Mkono unakataa kuachia kishale. Hili humpata hata bingwa. Eric Bristow wa Uingereza, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 5, lilimtesa miaka ya 1980. Usilazimishe. Pumzika siku kadhaa, kisha rudi urushe ukiwa karibu, mita moja na nusu, bila kulenga chochote. Mkono ukikubali, rudi nyuma hatua moja moja mpaka mstarini.

Umekaa kiwango kilekile wiki nyingi. Punguza mazoezi ya peke yako, ongeza kucheza na aliyekuzidi. Na uangalie daftari kabla ya kusema hujasogea.